Kiboko ndo kinamfunga mtoto mdomo

Hotuba kwa wazazi na walimu, Siku ya Mtoto wa Afrika, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda

Mzee mwenyekiti, viongozi wa RWC, baraza la wakimbizi, na wa LC, baraza la mtaa, walimu, wapasta na mashehe, wamama na wababa, na nyinyi watoto mliokaa pale mbele kwenye jua, nawasalimu wote. Kabla sijaanza naomba hao watoto wahamie huku chini ya tenti, sisi wakubwa tunaweza kusimama. Haya, songeni songeni, asanteni. Siku ni yao alafu viti vyote vya kivuli tumekalia sisi.

Sitaongea sana juu najua kuna waliotembea kutoka Juru na Rubondo na bado kuna kurudi.

Leo ni tarehe 16 mwezi wa sita. Kila mwaka siku hii ikifika tunaletewa tisheti na soda na ngoma, watoto wanacheza tunapiga picha, jioni tunarudi nyumbani. Lakini siku yenyewe imetoka kwa watoto waliopigwa risasi. Mwaka 1976 kule Soweto, Afrika Kusini, wanafunzi waliingia barabarani wakakataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans, na polisi wakawafyatulia risasi wakiwa na yunifomu zao za shule. Tangu 1991 Afrika nzima inawakumbuka. Na hapa Uganda tuna kidonda kingine cha tarehe hii hii, usiku wa 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, kule Kasese mpakani, wakaua wanafunzi zaidi ya 30, wengi walikuwa wamelala bwenini. Kuna watu wamekaa hapa wametoka Beni kule Congo, wao ADF hawaijui kwa redio.

Sasa mimi leo sitaki niongee juu ya waasi. Nataka niongee kitu kilicho ndani ya uwezo wetu, kitu ambacho hakuna komandanti wa kambi wala UN atatufanyia. Watoto wetu hawasemi. Wanapigwa njiani, wanaonewa shuleni, wanashikwa-shikwa na watu wakubwa, usiku wanaota vita wanaamka wamelowa, na hawasemi. Na mtu akiniuliza kwa nini hawasemi mimi namjibu moja kwa moja, ni kiboko. Kile kiboko tunachosema ni cha kufundisha adabu ndo kinamfunga mtoto mdomo, na akishafungwa mdomo kila mtu mbaya anajua huyo ni wa bure.

Nielezeni kama nakosea. Mtoto wa P.4, darasa la nne la msingi, ananyang'anywa kalamu na daftari na wavulana wakubwa pale kwenye njia ya bomba. Anafika nyumbani hana daftari. Mama ameuza mahindi kununua lile daftari, amechoka, ana hasira, anauliza daftari iko wapi. Mtoto akisema nimenyang'anywa ataambiwa kwa nini ulikubali, atapigwa. Akisema limepotea atapigwa. Kwa hiyo anachagua uongo ulio mfupi, limepotea, anapigwa mara moja yanaisha. Wale wavulana wiki ijayo wanamsubiri tena palepale, safari hii wanataka hela ya uji, na wanajua kabisa hatasema. Wamejuaje? Kwa sababu na wao nyumbani kwao ni hivyo hivyo.

Hapo ni daftari tu. Weka sasa mtu mzima. Mtu mzima anayetaka kumharibu mtoto hahitaji panga, anamwambia tu "ukisema mama yako atakuua kwa fimbo", na mtoto anaamini, tena ana sababu ya kuamini maana juzi alipigwa kwa kumwaga mafuta. Yani sisi wenyewe tumemwandalia yule mtu maneno ya kumtishia mtoto. Mimi hiki kitu kinanikosesha usingizi. Wasichana niliokaa nao kwenye mambo haya, karibu kila mmoja, ukimuuliza kwa nini hukusema siku ya kwanza, jibu halianzi na yule mwanaume, jibu linaanza na "niliogopa nyumbani".

Na msifikiri ni mambo ya huku kambini tu. Serikali ya Uganda ilifanya uchunguzi nchi nzima mwaka 2015, ripoti ikatoka 2018, waliwauliza vijana wa miaka 18 mpaka 24 yaliyowakuta walipokuwa watoto. Wasichana 35 kwa kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana ni 17 kwa 100, na hapo naomba wababa msikie vizuri, wavulana pia, sisi huku tunaona aibu hata kulitaja. Kupigwa ni wasichana 59 na wavulana 68 kwa 100. Hao wavulana wengi wao leo ni wababa.

Sasa twende shuleni maana walimu mko hapa na nyinyi mna kazi ngumu, darasa la watoto mia na zaidi, najua, sikuji hapa kuwaponda.

Mnajua mtoto akifika kutoka Congo au Burundi, kule alikuwa anasoma Kifaransa, pengine alikuwa darasa la sita. Hapa anakuta Kingereza, anarudishwa P.2 au P.3. Kijana wa miaka 14, ndevu zinaanza, amekaa benchi moja na watoto wa miaka 8, magoti hayaingii chini ya dawati. Akisoma vibaya darasa zima linacheka. Wanamuita babu, wanamuita baba watoto. Msichana wa umri huo ni hivyo hivyo, na kama alizaa wakati ule shule zimefungwa kwa korona, Machi 2020 mpaka Januari 2022, akapata nguvu ya kurudi, wanamuita mama fulani mbele ya kila mtu. Na mwalimu naye wakati mwingine anacheka nao. Mwalimu, ukicheka wewe umetoa ruhusa. Watoto wa Soweto walikufa kwa ajili ya lugha ya darasani, na sisi tunaadhimisha siku yao huku mtoto wetu anaacha shule kwa ajili ya kuchekwa lugha ya darasani. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mtoto mkimbizi shule ya msingi sawa sawa na mtoto mwenye nchi, hiyo ni sheria nzuri sana na nchi nyingi hazina, lakini sheria haiwezi kukaa naye kwenye benchi wakati anachekwa.

Alafu huyo huyo kijana analala darasani. Mwalimu anamuona ni mvivu, anampa viboko vitatu. Kwa nini analala? Kwa sababu usiku halali. Alipokuwa na miaka tisa aliona nyumba yao inachomwa. Mlango ukigongwa na upepo anaruka. Hii ndo wanaita kiwewe, kwenye mikutano ya mashirika mmesikia wanaita troma. Ni mwili wa mtoto umebaki kwenye hatari ambayo imeisha, moyo unadunda, masikio yanasikiliza mlango, akili haina nafasi ya kujumlisha na kutoa. Mtoto mdogo anarudi kukojoa kitandani wakati alishaacha. Mwingine tumbo linamuuma kila asubuhi na hospitali hawaoni kitu. Mwingine anapiga wenzake kwa kitu kidogo, unasema huyu ni shetani. Mwingine anakuwa mpole kupita kiasi, na huyo tunamsifu, mtoto mzuri haongei, kumbe huyo ndo ameumia kuliko wote.

Sasa huyo aliye na hofu mwilini ukimuongezea fimbo umefanya nini? Umemthibitishia kwamba ni kweli, hata hapa si salama. Mtoto anayekojoa kitandani anapigwa na kuanikwa na godoro nje majirani wamuone, jamani. Hakuna mtoto aliyeacha kukojoa kwa kuaibishwa, anazidi.

Nchi hii inajua vita na watoto. Kule Acholi, Gulu na Kitgum, miaka ya Kony na waasi wake wa LRA, watoto walikuwa wanatembea kila jioni kwa maelfu kutoka vijijini kwenda kulala mjini kwenye veranda za maduka wasitekwe, asubuhi wanarudi. Mwaka 1996 wasichana 139 walichukuliwa usiku mmoja kutoka shule ya Aboke. Waliorudi kutoka porini walirudi na mambo mazito sana, na kilichowasaidia wengi wao kusimama tena ni kukuta nyumba inawapokea, mtu anasema karibu nyumbani, wanarudi shuleni, wanacheza mpira, wanalima na wenzao. Wale waliopokelewa kwa matusi na kunyooshewa vidole, hao ndo waliteseka muda mrefu. Sisemi kaunsela hana kazi, wapo wanaohitaji kaunsela na dawa na msiwacheleweshe, lakini watoto wengi wanapona polepole wakiwa na mtu mzima mmoja mtulivu, chakula kwa saa yake, kulala kwa saa yake, na shule ambayo haiwapigi. Na usimlazimishe aeleze. Akitaka kuchora achore, akitaka kunyamaza pembeni yako anyamaze.

Najua kuna mzee hapo anasema moyoni, huyu mama anataka watoto wetu waharibike kama wa Wazungu, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzee wangu nakuheshimu, na methali hiyo nimelelewa nayo. Lakini inasema usiogope mtoto akilia, haijasema umpige. Mnyime kwenda mpirani, alie. Mrudishe kwa jirani aombe msamaha wa kuku aliyemuua, alie. Mfanye afue shuka alilolichafua kwa makusudi. Hayo yote yanauma na yanafundisha, na kesho yake bado anaweza kuja kwako kukuambia kuna mtu alimshika vibaya.

Na sio kwamba bila fimbo shule inaanguka. Kule Luwero shirika la Raising Voices la Kampala walikuwa na mpango wao wa Shule Bora, wakaingia shule za msingi 42 wakagawa nusu kwa nusu, 21 zilifanya huo mpango na 21 zikasubiri. Kabla ya kuanza, watoto zaidi ya 90 kwa 100 walisema wameshapigwa na walimu. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, kwenye zile shule zilizofanya mpango hatari ya mtoto kupigwa na mwalimu ilikuwa imeshuka kwa asilimia 42. Hiyo ilitangazwa 2015. Hawakuleta mashine yoyote, walimu walikaa wakaandika sheria za darasa pamoja na watoto, wakaweka kamati ya wanafunzi, wakaweka njia ya mtoto kupeleka malalamiko, wakajifunza kusifu. Ni shule za Uganda kama zetu, zenye vumbi na madarasa yaliyojaa.

Na tukubaliane pia kwamba kumpiga mtoto shuleni ni kosa la sheria, tangu mabadiliko ya sheria ya watoto ya 2016. Sio ushauri wa wizara, ni kosa, mtu anaweza kufungwa. Sheria hiyo hiyo inasema mwalimu, mhudumu wa afya, afisa ustawi au kiongozi wa mtaa akijua au akihisi mtoto anaumizwa lazima atoe taarifa. Kwa hiyo mwenyekiti ukinyamaza na wewe umekosa.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo nitalisema kwa ukali kidogo mnivumilie. Haya mambo ya kumalizana kinyumbani. Mtoto wa miaka 13 amenajisiwa, wazee wanakaa chini ya mti, wanaongea mbuzi wangapi, shilingi ngapi, pengine wanaongea amuoe kabisa. Mama wa mtoto hata haulizwi. Mtoto ndo kabisa. Wiki ijayo yule mwanaume anapita na baiskeli mbele ya nyumba. Unajua mtoto amejifunza nini? Amejifunza kwamba alisema, na kusema kwake kulizaa mbuzi. Hatasema tena maisha yake yote, na wadogo zake waliokuwa wanachungulia nao wameelewa. Chini ya miaka 18 Uganda ni unajisi hata kama wanasema walikubaliana, na kesi hiyo ni ya serikali, baba hana mamlaka ya kuifuta, na kiongozi anayepokea hela ya kuifuta na yeye anatafuta jela.

Naomba mnishike hapa vizuri, wamama hasa. Mtoto akifanyiwa kitendo hicho usimuogeshe kwanza. Najua mkono unakimbilia maji, kila mama anataka kumsafisha mtoto wake, lakini peleka kwanza kituo cha afya vile alivyo. Nguo weka kwenye karatasi au bahasha, sio kwenye kavera, ule mfuko wa plastiki, kavera inaozesha ushahidi. Dawa za kuzuia ukimwi, PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndo bora, anameza siku 28 bila kuruka. Kama ni msichana aliyekwisha vunja ungo kuna dawa ya kuzuia mimba nayo haitaki kuchelewa. Polisi kuna dawati la watoto na familia, ulizia fomu PF3A, daktari ndo anaijaza. Lakini usikae polisi mpaka saa 72 ziishe kwa ajili ya karatasi, hospitali kwanza, karatasi itafuata. Ukikwama popote piga 116, inaitwa Sauti, ni laini ya serikali ya watoto, hulipi kitu hata kama simu haina salio, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Watoto, semeni na mimi, mia moja kumi na sita. Tena. Asanteni.

Sasa mtoto akija kukuambia, dakika ile ya kwanza ndo kila kitu, kuliko hata hayo ya polisi. Acha sufuria. Kaa chini macho yenu yawe sawa. Usipige kelele "Mungu wangu", akiona umeshtuka sana atarudisha maneno ndani. Usimuulize ulikuwa unatafuta nini kule. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, mwambie sio kosa lako. Usimuahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, maana itabidi umwambie mtu, utakuwa umemdanganya, mwambie nitawaambia tu wale wa kutusaidia. Na usimhoji mara kumi, aje shangazi ahojiwe, aje pasta ahojiwe, kila akirudia anaumia upya.

Akikuambia anaonewa shuleni ni hivyo hivyo. Baba usimwambie "na wewe mpige", wale wako watano na yeye ni mmoja. Nenda shuleni siku hiyo hiyo, ongea na mwalimu kwa utulivu, uliza ni wapi na saa ngapi, maana kuonewa kuna sehemu zake, nyuma ya vyoo, njia ya bomba, wakati wa foleni ya uji, na mtu mzima akisimama tu pale kwa wiki kadhaa mambo yanapungua sana. Mwalimu nawe usiwaite wote wawili ofisini uwashikanishe mikono useme yameisha, yule mdogo anatoka hapo akijua njiani kutakuwa moto. Waite mmoja mmoja. Na yule muonevu naye kaa naye, muulize kwake kukoje, mara nyingi utakuta na yeye anapigwa vibaya, adhabu apate lakini fimbo hapana, fimbo ndo lugha aliyokuja nayo.

Nimalizie na ombi, mzee mwenyekiti. Shuleni kuna mwalimu wa kike na wa kiume waliowekwa kwa ajili ya watoto kuwaendea, senia womani na senia mani, lakini nikiwauliza watoto wengi hawawajui hata sura. Walimu wakuu naomba Jumatatu asubuhi kwenye asembli muwasimamishe watoto wawaone, wajue na mlango wao. Na huku vijijini kwetu tuwe na watu kama hao, wawili kila kijiji, mama mmoja na baba mmoja. Lakini tusiwachague sisi. Tukichagua sisi tutachagua wenye vyeo, na wengine wenye vyeo ndo watoto wanawakimbia. Nimekuja na karatasi, kila mtoto ataandika jina la mtu mzima mmoja wa kijiji chake ambaye akipata shida kubwa anaweza kwenda kumwambia bila kuogopa kupigwa. Asiandike jina lake. Asiye na mtu wa kuandika aache wazi, hizo pia nitazihesabu na mwenyekiti atapewa hesabu. Wadogo wasiojua kuandika waje kwangu waninong'oneze. Majina yatakayorudi mara nyingi tutawafuata hao watu tuongee nao, na kabla hatujawaweka tutauliza polisi na ofisi ya ustawi kama kuna doa juu yao.

Kwa hiyo walimu nisaidieni kugawa kalamu, ziko kwenye boksi pale karibu na spika. Wazazi naomba mhamie upande ule wa mti mkubwa, na tafadhali mtu asichungulie mtoto wake ameandika nani.